Lobi ya Marekani haitembei kwa bahasha

Wiki hii nimeisoma tena mtandaoni, na safari hii imeandikwa na mtu msomi kabisa: kwamba Marekani wamehalalisha rushwa na kuipa jina la lobi, yaani kazi ya kuishawishi serikali kwa niaba ya mteja. Chini yake wachangiaji wamejipanga kuafiki. Kazi yangu ni kuandaa hoja za wauzaji bidhaa wa Afrika Mashariki zinazopelekwa Washington, na kauli hii siwezi tena kuipita kimya, kwa sababu inatugharimu.

Rushwa Marekani ipo, na ina sura yake. Seneta Bob Menendez wa New Jersey alikutwa nyumbani na vipande vya dhahabu na mamia ya maelfu ya dola taslimu. Mwaka 2024 alitiwa hatiani, na Januari 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka 11. Lobi ni jambo jingine. Haki ya kuipelekea serikali maombi imo kwenye Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, tangu 1791. Sheria ya 1995 inamtaka mlobi ajisajili, na tangu marekebisho ya 2007 anatoa ripoti kila robo mwaka: nani amemlipa, kiasi gani, kwa suala gani. Humo hutajwa zaidi ya dola bilioni 4 kwa mwaka. Kampuni imekatazwa tangu 1907 kumchangia mgombea wa shirikisho kutoka mfuko wake, na kamati yake ya kisiasa haiwezi kumpa zaidi ya dola 5,000 kwa uchaguzi mmoja. Ndiyo, baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2010 katika kesi ya Citizens United, fedha zisizo na kikomo zinapitia super PAC, kamati za kisiasa zinazojitegemea, mradi zisiratibiwe na mgombea. Hapo uzio umeoza na sitautetea. Lakini anayekodolea macho uzio huo peke yake hataona kazi yenyewe inafanyika wapi.

Chukueni mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo za mitumba sokoni ifikapo 2019 ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Machi 2017, chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu na vitambaa chakavu cha Marekani, SMART, kikapeleka ombi kwa Mwakilishi wa Biashara wa Marekani. Si chama cha mabenki wala cha mafuta. Ni watu wanaochambua nguo zilizotupwa na kuzifunga marobota.

Ombi lao lilisema nini? Halikulalamika kwamba Waafrika hawana shukrani. Lilikwenda kwenye masharti ya AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa zetu kuingia Marekani bila ushuru, ambayo iliitaka nchi nufaika iwe inaondoa vizuizi dhidi ya biashara na uwekezaji wa Marekani. Wakaweka marufuku yetu pembeni ya sharti hilo. Wakaongeza kwamba ajira 40,000 za Wamarekani zingepotea. Idadi hiyo ilitokana na madai ya chama chenyewe, na ilistahili kuhojiwa vikali, lakini ndiyo iliyokuwa mezani kwanza, na kila aliyekuja baadaye alilazimika kuanza kwa kuijibu.

Kenya ilirudi nyuma kabla haijaingizwa kwenye mapitio ya kama bado inastahili AGOA. Julai 2017 kikafanyika kikao cha kusikiliza pande zote. Tanzania na Uganda zikaahidi kuachana na marufuku na kurudisha ushuru wa zamani, zikabaki ndani ya AGOA. Rwanda ikakataa, na kuanzia mwisho wa Julai 2018 nguo zake zikapoteza nafasi ya kuingia bila ushuru. Kongresi haikupiga kura hata moja juu ya mzozo huu. Katika mlolongo wote huo, nionyesheni bahasha ilipohitajika.

Je, fedha hazina nguvu? Zina nguvu, na ni hapa ninapogombana na wenzangu wa lobi wanaojifanya malaika. Watafiti wa siasa Joshua Kalla na David Broockman walichapisha mwaka 2016 jaribio lililofanywa kwenye ofisi 191 za wajumbe wa Kongresi. Kikundi kimoja cha kisiasa kiliomba mikutano. Ofisi nyingine ziliambiwa watakaokuja ni wapiga kura wa jimboni, nyingine zikaambiwa ni wachangiaji wa fedha za kampeni. Walioitwa wachangiaji walikutanishwa na mjumbe au mkuu wa ofisi yake zaidi ya mara tatu ya wale wengine. Fedha inanunua kiti, na anayekikalia kiti anakuta mwenyeji aliyechoka. Mjumbe wa Baraza la Wawakilishi anawakilisha watu zaidi ya 700,000, na sheria inampa wafanyakazi wa kudumu wasiozidi 18. Mlobi anayeleta takwimu zilizokwisha kupangwa na maneno ya kifungu yaliyokwisha kuandikwa anakuwa kama mfanyakazi wa 19 asiyelipwa mshahara. Mara nyingi anampelekea mjumbe ambaye tayari wana msimamo mmoja. Hamgeuzi, anamwezesha. Hilo halivutii kwenye mjadala wa mitandaoni, lakini ndilo ninaloliona.

Kuhusu vyombo vya habari nitasema kwa ufupi, maana wengi wanadhani vinaiamuru serikali. Nguvu yake kubwa ni kuamua watu watazame wapi. Januari 2012 muswada wa SOPA wa kuzuia uharamia wa kazi za sanaa mtandaoni, uliotetewa na wakubwa wa filamu wa Hollywood, ulikuwa na wajumbe wengi wanaouunga mkono. Tarehe 18 Wikipedia ya Kiingereza ikajizima kwa saa 24, simu zikamiminika kwenye ofisi za wajumbe, na ndani ya siku mbili kura ya Seneti juu ya muswada pacha, PIPA, ikaahirishwa. Upande wa pili nao ulikuwa na tajiri wake, Google, kwa hiyo msinisimulie hadithi ya wanyonge watupu. Ila macho ya umma yalibadilisha hesabu. Julai 2017 macho hayo yalikuwa kwenye uchunguzi wa Urusi na bima ya afya. Marobota ya mitumba hayakuwa na nafasi, na ukimya ulimfaa aliyekwisha kupeleka karatasi.

Lipo linalonisumbua. Wanazuoni Martin Gilens na Benjamin Page walichambua mwaka 2014 mapendekezo ya sera 1,779 na kukuta kwamba matakwa ya mwananchi wa kawaida karibu hayana uzito yake peke yake, ukilinganisha na ya matajiri na makundi ya maslahi. Mtafiti mwingine, Frank Baumgartner, na wenzake walikuwa wamefuatilia masuala 98 ya sera, na wakakuta wingi wa fedha hautabiri vizuri nani atashinda, na masuala mengi hayakusogea kabisa. Nimejaribu kuyapatanisha matokeo hayo na sijaridhika. Ninaloegemea ni kwamba fedha hulinda zaidi kilichokwisha kuandikwa. Wala siwezi kuapa kwamba matokeo ya mitumba yalikuwa mabaya kwa wote: wachuuzi wa masoko ya mitumba ya Karume, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, waliponea humo humo.

Ila ombi la SMART lisingekuwa na pa kupita bila sheria ya 2015 iliyoiongezea AGOA miaka 10. Ndiyo iliyoingiza utaratibu wa mwenye maslahi yeyote kuomba nchi ipitiwe nje ya ratiba ya mwaka. Kwa hiyo maafisa wetu wa biashara siwaulizi walisema nini kwenye kikao cha 2017. Nawauliza nani alikuwa Washington anasoma rasimu mwaka 2015, kifungu hicho kilipokuwa bado kinaweza kufutwa.