Msokonoi: Majani Nayo Ni Dawa, Acheni Kuuchuna Mti

"Majani ni ya mbuzi, daktari. Mimi nipe gome, tena la mti mzee." Maneno hayo, kwa namna moja au nyingine, hayapiti juma sijayasikia kutoka kwa wanaokuja kwangu kutafuta msokonoi. Wanaouita muthiga wanayasema, wanaouita soget wanayasema, wanaouita abaki vilevile. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja. Basi nawajibu wote hapa, na humo humo nitapitia uvumi mwingine kuhusu mti huu.

Dhana: Nguvu iko kwenye gome, majani ni takataka

Anza na ulimi wako. Chuma jani bichi: juu linang'aa kijani kilichokolea, chini limefifia, ukingo wake una mawimbi, na mshipa wa kati umeegemea upande mmoja kidogo badala ya kuligawa jani sawasawa. Litafune taratibu. Mwanzoni utaona ni jani tu. Kisha ukali unaanza kupanda, ncha ya ulimi inawaka, mate yanajaa kinywani, na ukinywa maji hausaidiki. Kesho yake tafuna kipande kidogo cha gome. Ni moto uleule. Unaletwa na kemikali za jamii ya seskwiterpeni, zikiwemo poligodiali, waburganali na muzigadiali, na jamii hiyo imo kwenye gome na imo kwenye majani. Wahindi waliohamia Afrika Mashariki hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Walitia majani ya msokonoi kwenye mchuzi ili uwashe.

Fikiria pia mti wenyewe una haja gani na kemikali hizo. Haukuzitengeneza kwa ajili ya kikohozi chako; ni silaha yake. Katika miaka ya 1970 wanakemia waliochunguza miti ya Warburgia ya Afrika Mashariki, ndilo jina la kisayansi la msokonoi na ndugu zake, waligundua kwamba viwavijeshi, ambao tunajua wanavyolifyeka shamba, hukataa kabisa kugusa jani lililopakwa dutu zilizotoka kwenye msokonoi. Sasa niambie: mti wenye silaha kali namna hiyo uifiche yote kwenye gome, uache majani, yanayoliwa na wadudu mchana na usiku, bila ulinzi?

Tena kuna somo la kutoka kusini mwa bara. Huko unaota ndugu yake, Warburgia salutaris, ambao umechunwa mpaka ukaingizwa kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini kutoweka. Zimbabwe, ambako unaitwa muranga, ulikaribia kwisha kabisa porini. Watafiti wa Afrika Kusini walipolinganisha gome na majani ya mti huo dhidi ya bakteria, walikuta utendaji unaokaribiana, wakashauri waganga wahamie kwenye majani. Wapo waliohama, na dawa zao zinaendelea kutumika.

Sikatai kwamba kiasi cha kemikali hutofautiana. Hutofautiana baina ya mti na mti, na baina ya eneo na eneo, kiasi kwamba hata magome ya miti miwili ya msitu mmoja si lazima yalingane. Kama umepata majani hafifu, ongeza jani moja. Mti utachipua mengine. Gome likiisha utaongeza kutoka wapi?

Hapo ndipo ninapojibiwa, "Gome nalo hurudi." Jibu hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu lina chembe ya ukweli na chembe hiyo inaua miti. Ukibandua ukanda mwembamba upande mmoja wa shina, na usiukwangue mpaka kwenye mbao, mti una nafasi nzuri ya kuliziba jeraha kutoka kandokando. Lakini ninachokiona msituni si ukanda. Naona shina limevuliwa kuzunguka lote, kuanzia usawa wa goti mpaka mkono wa mchunaji ulipofika, na wengine huleta ngazi kabisa.

Shina likizungukwa hivyo, floemu, yaani mirija ya kwenye gome inayosafirisha chakula, imekatika. Chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena kwenye mizizi. Zailemu, iliyo ndani ya mbao, bado inapandisha maji, kwa hiyo juu majani yanabaki mabichi kwa miezi kadhaa, pengine zaidi. Mchunaji akipita mwezi unaofuata anaukuta mti umesimama na kijani chake, anajisemea, "Si nilisema?" Huku chini mizizi inakula akiba yake ya mwisho. Akiba ikikwisha, maji nayo hayapandi, na mti unakauka wakati yeye ameshahamia bonde jingine. Hakuna aliyemwonyesha alichokifanya, na hakurudi kujionea.

Na hilo la "mti mzee" ndilo baya zaidi, kwa sababu mti mzee ndio unaozaa sana. Ukiua msokonoi mkubwa kwenye msitu wa Mau au wa Londiani umeua mama wa miche yote ambayo ingeota chini yake. Waganga wa zamani niliowafahamu walikuwa na miiko yao: kipande upande mmoja, kidonda kinapakwa udongo, halafu mti huo unaachwa upumzike. Dawa yao ilikuwa ya nyumba yao na jirani zao. Leo gome linaingia mjini kwa magunia, na mwenye gunia hana mwiko. Wala hana kibali. Kuchuna magome katika msitu wa umma bila idhini ni kosa chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2016 hapa Kenya, na mnunuzi asijifanye hajui gunia limetoka wapi.

Ninachowaambia wateja wangu ni hiki. Kwa mafua, koo linalowasha au tumbo lililochafuka, jani moja bichi la kutafuna, au jani moja au mawili makavu kwenye kikombe cha maji ya moto, funika, subiri, kunywa. Kausha kivulini, yakiwa mazima, usiyasage mpaka siku ya kuyatumia. Unga uliokaa rafu kwa muda mrefu hupoteza ukali wake, uwe wa jani au wa gome. Weka chembe kwenye ulimi. Usipoumwa, umenunua vumbi.

Dhana: Kadiri unavyowasha ndivyo unavyoponya

Ukali unakuambia kemikali zipo. Hauambii kwamba nyingi ni bora. Poligodiali inawasha kwa sababu inachokoza mishipa ya fahamu inayohisi maumivu, na tumbo lina mishipa hiyo pia. Wanaochemsha konzi nzima ya gome na kunywa kwa pupa huishia kutapika, kisha hunieleza kwamba "uchafu umetoka." Kilichotoka ni chakula cha mchana. Mwenye vidonda vya tumbo akae mbali na mti huu, na mjamzito vilevile.

Dhana: Unatibu malaria, hivyo hakuna haja ya hospitali

Umetumika kwa homa tangu zamani, na dondoo zake zimeonyesha uwezo fulani dhidi ya vimelea vya malaria kwenye maabara. Lakini si kila homa ni malaria, na kwa mtoto malaria kali huua haraka kuliko sufuria inavyochemka. Pima kwanza. Ukikutwa nayo, meza dawa ulizoandikiwa, umalize dozi. Chai ya msokonoi ya koo utakunywa ukishapona.

Dhana: Unaponya UKIMWI

Hapana. Kuua fangasi wa kinywani ndani ya kisahani cha maabara, jambo ambalo poligodiali inaweza, si kuondoa virusi mwilini mwa mtu. Sabuni ya kufulia nayo huua vitu vingi kwenye kisahani. Anayetumia ARV asiache hata kidonge kimoja kwa sababu ya gome la mtu yeyote, na anayekunywa mitishamba amweleze mhudumu wake wa kliniki bila aibu.

Dhana: Umepewa jina la mwanasayansi aliyegundua siri ya saratani

Hii imeingia juzijuzi, na inaenea kwa sababu inasikika kama elimu. Hadithi yenyewe ni kwamba Otto Warburg alipata Tuzo ya Nobel, alichunguza jinsi seli za saratani zinavyotumia sukari, na mti huu una jina lake. Kwa hiyo, wanasema, wakubwa wanajua unaponya saratani ila wanatuficha.

Otto Warburg ni wawili. Mwanabiokemia wa Nobel ya mwaka 1931 ni Otto Heinrich Warburg, aliyezaliwa 1883. Jenasi Warburgia, yaani kundi la msokonoi na ndugu zake, ilipewa jina na mtaalamu wa mimea Adolf Engler mwaka 1895, wakati huyo wa Nobel alikuwa mtoto wa miaka kumi na kitu. Aliyeenziwa ni Otto Warburg mwingine, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, aliyezaliwa 1859 na kufariki 1938. Yeye kazi yake ilikuwa mimea ya nchi za joto, saratani haikumhusu. Spishi ya kwanza ya jenasi hiyo, Warburgia stuhlmannii, ni ya pwani ya Kenya na Tanzania, na yenyewe sasa iko mashakani kwa sababu misitu ya pwani imebaki vipandevipande. Anayekuuzia gome la saratani kwa hadithi hii anakuuzia jina la mtu asiyehusika. Mgonjwa aliyecheleweshwa na chai kwa miezi sita tunajua anafika hospitali katika hali gani.

Dhana: Ni mti wa msitu, haupandiki

Unapandika vizuri kabisa nyanda za juu, na hata kando ya nyumba, mradi miche ipate kivuli mwanzoni na maji ya kutosha. Wanaoshindwa huwa wamefanya kosa moja: wamekausha mbegu kama wanavyokausha mahindi, wakaihifadhi mpaka mvua. Mbegu ya msokonoi ina mafuta na haivumilii kutunzwa muda mrefu. Inataka kuoteshwa ingali mbichi.

Subiri tunda, ambalo huanza kijani, ligeuke zambarau. Likamue, osha mbegu utoe nyama yote, panda wiki hiyohiyo, na baada ya wiki chache utaona chipukizi. Ukikosa mti wa kuokota mbegu, ulizia kituo cha mbegu cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, pale Muguga kabla ya kununua miche ya barabarani usiyoijua. Tafuna kipande cha jani la mche kabla hujatoa pesa. Na kama una mti unaozaa karibu, uwahi asubuhi, maana nyani na ndege wanayapenda matunda hayo na hawaachi kitu chini.