Video imeondolewa: nani ameiondoa, na kwa sheria ipi?

Klipu ya dakika mbili ikiondolewa mtandaoni, ubishi hauchelewi kuwaka. Wapo watakaosema watu wamezibwa midomo, na wapo watakaosema mwenye kazi kadai chake, aliyechukua bila ruhusa akae kimya. Wote wanaweza kuwa na hoja, lakini hoja hizo hazina pa kusimama kabla ya kujulikana nani ameiondoa na ametumia kanuni ipi.

Mtu aliyeko Sinza akiweka video YouTube, inaweza kuondolewa kwa njia tatu. Ya kwanza ni madai ya hakimiliki: mtu anaiandikia kampuni kwamba kazi yake imetumika bila idhini. Ya pili ni masharti ya kampuni yenyewe, yale tunayoyakubali bila kuyasoma siku ya kufungua akaunti. Hapo kampuni haihitaji mlalamikaji wala mahakama. Ya tatu ni sheria za nchi, na kwetu hizo ni pamoja na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Rufaa inayofaa kwa njia moja haifai kwa nyingine. Ukimlalamikia mdhibiti kwa jambo lililofanywa na mtayarishaji wa muziki wa Kinondoni, unapoteza siku ambazo ungezitumia kujitetea mahali panapohusika.

Kwa hiyo, kabla hujaandika lolote hadharani, soma barua pepe uliyotumiwa na kampuni. Taarifa ya hakimiliki humtaja mdai na kazi anayoidai. Taarifa ya kuvunja masharti hutaja kipengele cha masharti, na haina mdai. Kisha mwombe mtu aliyeko Nairobi afungue linki ileile. Ikifunguka kule na kugoma hapa, zuio ni la eneo: ama limetokana na amri ya kisheria ya nchi, ama mwenye haki amefunga baadhi ya nchi tu. Piga picha za skrini zinazoonyesha tarehe, linki nzima na maneno ya taarifa, maana baada ya siku chache kurasa hizo hubadilika.

Sasa tuje kwenye hakimiliki yenyewe, kwa sababu hapa ndipo upotoshaji ulipo mwingi. Sheria yetu ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Kazi hulindwa tangu inapotengenezwa, iwe imesajiliwa au haijasajiliwa. Cheti cha COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, ni ushahidi mzuri wa nani alikuwa na nini na lini, na kwa msanii anayejitafutia riziki kwa kazi yake tunashauri akichukue mapema, lakini cheti hicho sicho kinachozaa haki. Ulinzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Wazo halilindwi, wala habari za siku kama matukio matupu. Unaweza kutengeneza filamu yako kuhusu kijana wa Mbagala anayekwenda kutafuta maisha Kariakoo hata kama wengine kumi wamekwisha kufanya hivyo, ila huwezi kuchukua maandishi yao, picha zao wala sauti zao. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA, kwa hiyo anayebishana na mtu wa Unguja aangalie kwanza wanazungumzia sheria gani.

Kifungu cha 12 ndicho kinachotoa nafasi ya kutumia kazi ya mtu bila ruhusa. Kinaruhusu nakala kwa matumizi binafsi. Kinaruhusu kunukuu, kwa masharti kwamba chanzo na jina la mtunzi vitajwe, nukuu iendane na utaratibu wa haki, na ukubwa wake usizidi unaohitajika kwa lengo lililokusudiwa. Kinaruhusu pia vielelezo vya kufundishia, pamoja na kutangaza hotuba za kisiasa na maneno yaliyosemwa mahakamani, kwa kiasi ambacho taarifa inahitaji.

Soma tena maneno “kwa lengo lililokusudiwa”. Sheria haina hesabu ya sekunde. Ile kauli kwamba sekunde saba, au kumi, au thelathini hazina tatizo haimo popote. Ukichambua namna mwimbaji alivyopanga kibwagizo, sekunde 20 zinaweza kuwa halali kwa sababu uchambuzi hauwezekani bila kusikika kinachochambuliwa. Ukiweka sekunde 5 za wimbo huohuo kama mapambo ya tangazo la saluni, umetumia kazi ya mtu kibiashara bila leseni. Kuandika “sina nia ya kuvunja hakimiliki” hakubadilishi kitu. Kumtaja mwenye kazi ni sharti la kunukuu. Hakuchukui nafasi ya ruhusa pale ruhusa inapohitajika. Na kusema hukupata faida hakukuondoi hatiani: kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, hata kwa aliyekusudia kukiuka haki hizo bila biashara. Kwa mwenye kufanya biashara, faini haipungui milioni 20 na kifungo hakipungui miaka 5. Kwa maoni yetu kiwango hicho cha chini ni kikali mno kwa mtu asiyechuma chochote, na hiyo ni hoja halali ya kuipeleka bungeni. Lakini mpaka kibadilishwe, ndicho kilichopo.

Jambo lingine linalowachanganya wengi ni yale maelezo ya Kiingereza yanayobandikwa chini ya video, yakitaja kifungu cha 107 cha sheria ya hakimiliki ya mwaka 1976. Hiyo ni sheria ya Marekani. Kule mahakama hupima vigezo vinne: lengo la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwa soko la kazi hiyo. Sheria yetu haina kipimo hicho kipana. Ina orodha ya mambo yanayoruhusiwa. Hata hivyo Marekani haiko mbali nasi kama tunavyodhani, kwa sababu YouTube ni kampuni ya huko, na utaratibu wake wa kuondoa video umejengwa juu ya sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayoitwa DMCA. Kwa hiyo mkazi wa Temeke na mkazi wa Ilala wanaogombea klipu moja watajikuta wakijaza fomu za sheria ambayo Bunge la Dodoma halikuitunga.

Katika fomu hizo, tofautisha mambo mawili: dai la Content ID na ombi la kuondoa video. Content ID ni mfumo wa YouTube unaofananisha sauti na picha kwa mashine. Dai lake huweza kuifunga video au kuhamishia mapato kwa mdai, lakini halileti straiki, yaani onyo rasmi linaloandikwa dhidi ya chaneli yako. Ukilipinga, mdai ana siku 30 za kujibu. Ukilipinga ndani ya siku 5 za mwanzo, mapato hushikiliwa tangu siku dai lilipoingia. Akishikilia msimamo, unaweza kukata rufaa, naye atakuwa na siku 7. Akiikataa rufaa anaweza kuomba video iondolewe kabisa, na hapo ndipo straiki huja.

Madai mengi ya namna hii Dar es Salaam chanzo chake ni biti. Prodyuza anauza biti moja kwa wasanii watatu bila kuandikishana kitu, mmoja wao anaisajili kwenye mfumo huo wa Content ID kupitia kampuni inayomsambazia muziki mtandaoni, na wawili waliobaki wanajikuta wanadaiwa kwa muziki walioulipia. Masharti ya Content ID yanataka haki za kipekee, kwa hiyo biti iliyouzwa kwa zaidi ya mmoja haikupaswa kusajiliwa humo. Dawa ni karatasi: risiti, mkataba unaosema kama mauzo ni ya mtu mmoja au wengi, na tarehe.

Jambo la pili, ombi la kuondoa video, ni zito zaidi, kwa sababu ndilo linaloleta straiki. Straiki tatu ndani ya siku 90 zinaweza kuifunga chaneli. Wengi huikimbilia video na kuifuta wakidhani wamejiokoa, kumbe kuifuta hakuondoi straiki. Straiki huondoka kwa njia tatu: kusubiri siku 90, mdai kuliondoa dai lake, au wewe kupeleka taarifa ya kupinga, ambayo tutaieleza hapa chini.

Hapa ndipo hakimiliki na uhuru wa maoni hukutana, na ndipo tunapoomba msomaji atulie kidogo. Katiba yetu, ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Ibara ya 24 inalinda mali. Hakimiliki ni mali, na mwenye kuidai hana haja ya kuomba radhi. Lakini mfumo wa kuondoa kwanza na kuuliza baadaye una kasoro inayojulikana dunia nzima: mtu asiyependa kukosolewa anaweza kudai hakimiliki ili ukosoaji utoweke, kwa sababu ni njia ya haraka kuliko kesi ya kashfa. Mfanyabiashara aliyeonyeshwa akiuza bidhaa bandia, au kiongozi aliyeumbuliwa na maneno yake mwenyewe, hawi mmiliki wa video kwa kuwa sura yake imo ndani yake. Mmiliki ni aliyeipiga, au aliyepewa haki hizo. Anayelalamikia matumizi ya sura yake aende kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 au kwenye kashfa, ambako atatakiwa kuthibitisha jambo lingine kabisa.

Marekani suala hili lilifika mahakamani kupitia video ya sekunde 29 ya mtoto akicheza huku muziki ukisikika, iliyowekwa mwaka 2007. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya kanda ya tisa ilisema mdai lazima afikirie kwanza kama matumizi hayo ni halali kabla ya kuomba yaondolewe. Sheria ile ya DMCA humwajibisha pia anayedai uongo huku akijua. Kwetu, kifungu cha 45 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao nacho humruhusu mtu kumwandikia mtoa huduma kutaka maudhui yaondolewe, lakini kinamtaka ajitambulishe, asaini, ataje haki iliyokiukwa na aonyeshe maudhui yalipo. Barua isiyo na mambo hayo ni malalamiko tu.

Sasa turudi kwenye taarifa ya kupinga straiki ya YouTube. Inataka jina lako kamili, anwani, simu, linki ya video, tamko la kiapo kwamba iliondolewa kwa makosa, na kukubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani. Mdai hupewa siku 10 za kazi za Marekani kuonyesha kuwa amefungua kesi; asipofanya hivyo, video hurudishwa. Kinachosahaulika ni kwamba taarifa hiyo hupelekwa kwa mdai ikiwa na jina na anwani yako. Mtu aliyekuwa akikosoa bila kujitaja anajitambulisha mwenyewe kwa aliyemkosoa. Kama hilo linakuhatarisha, mtumie wakili aiwasilishe kwa niaba yako. Na usiisaini kama hujaiamini, kwa sababu ni kiapo.

Kuhusu kumtuhumu mtu hadharani kwamba ameiba kazi, tutasema machache. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinagusa taarifa ambayo mtoaji anajua ni ya uongo na anakusudia kukashifu au kupotosha, na faini yake nayo haipungui milioni 5. Andika unachoweza kukionyesha: wimbo huu ulitoka tarehe hii, ule tarehe ile, sehemu zinazofanana ni dakika fulani hadi fulani. Neno “mwizi” liache kwa mahakama. Ukiandika hivyo unajilinda, na anayesoma anapata kitu cha kupima kwa masikio yake.

Kuna pia ubishi wa sera, ambao hufanywa kwa kaulimbiu wakati uamuzi hufanywa kwa vifungu. Kanuni za Maudhui za mwaka 2018 zilimpa mtoa maudhui muda wa saa 12 kuondoa maudhui yaliyokatazwa baada ya kuarifiwa. Zile za 2020 ziliupunguza kuwa saa 2. Anayesema “kanuni hizi zinakandamiza” anaweza kupuuzwa. Anayeonyesha kwamba ofisi ya watu wawili haiwezi kupokea taarifa usiku, kumpata mwanasheria na kuamua ndani ya saa 2, kwa hiyo itafuta kila kinacholalamikiwa ili isalimike, ameeleza athari ambayo mtunga kanuni analazimika kuijibu.

Tofautisha pia muswada na kanuni. Muswada huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, husomwa bungeni, na kamati huita wadau. Kanuni hutungwa na waziri na kuanza kutumika kwa Tangazo la Serikali, hivyo nafasi ya kusikika ni finyu na huwa kabla ya kutangazwa, pale wizara inapoomba maoni. Maoni yapelekwe kwa jedwali la safu nne: namba ya kifungu, maneno yaliyopo, maneno unayopendekeza, na sababu. Safu ya tatu ndiyo watu wengi huiacha wazi, na ndiyo mwandishi wa sheria anayoihitaji zaidi. Ukipeleka kwa mkono, nenda na nakala ya pili, ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uitunze.