Herufi Moja: Maswali ya Kina Mama Kuhusu DNA, Urithi na Siko Seli

Kila Alhamisi mimi hukaa na kina mama kwenye benchi la kliniki moja ya watoto, huku Likoni, Mombasa. Wengi wao wana mtoto mwenye siko seli, yaani ugonjwa wa selimundu. Siku moja mama kijana aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli damu yake ni chafu, maana ndivyo mawifi zake walivyomwambia. Maswali haya ni yake na ya wenzake, na hapa nayajibu kwa urefu kuliko nilivyoweza pale.

DNA ni nini hasa?

Ni maagizo ya mwili yaliyoandikwa. Ndani ya karibu kila seli mna nyuzi ndefu zenye herufi nne tu, A, T, G na C, zinazojirudia kwa mpangilio tofauti tofauti: herufi kama bilioni 3 kutoka kwa mama na bilioni 3 kutoka kwa baba. Kipande chenye agizo la kutengeneza protini fulani huitwa jeni, na tunazo jeni za aina hiyo karibu 20,000.

Na hiyo mutesheni?

Ni herufi kubadilika. Kabla seli haijagawanyika hunakili maandishi yote hayo, na mwandishi yeyote, hata awe hodari vipi, kuna mahali kalamu itateleza. Miale ya jua, moshi wa sigara na eksirei pia zaweza kuharibu herufi.

Tuseme umemtuma mtoto umwambie, "Leta kuni." Ukikosea ukasema "lete kuni," atacheka lakini kuni zitakuja. Ukisema "leta kuti," atakuletea kuti, na chungu hakitaiva vile ulivyotaka. Ukikatika sauti baada ya "leta," atasimama hapo akungoje. Mutesheni nazo ziko hivyo. Nyingi hazidhuru lolote, baadhi hubadilisha protini, na nyingine huikata katikati isifanye kazi.

Hata kukatwa si lazima kuwe ugonjwa. Watu wengi wenye grupu O ya damu wamepungukiwa herufi moja tu, G, katika jeni ya grupu za damu. Kwa kuwa herufi husomwa tatu tatu, usomaji wote unaofuata umehama, kimeng'enya, yaani protini inayotengenezwa na jeni hiyo, kikatoka kifupi kisicho na kazi, na wao ni wazima kabisa. Ukiwa wewe ni grupu O, basi pengine unatembea na mutesheni hiyo sasa hivi. Kuna pia wafugaji wa Kenya na Tanzania ambao herufi moja iliyobadilika zamani huwawezesha kunywa maziwa ukubwani bila tumbo kuvurugika. Rangi za ngozi zetu, macho, nywele, vyote vilianza kwa herufi zilizobadilika kwa mababu, kisha zikachanganywa upya katika kila mtoto.

Siko seli inaingia wapi?

Katika jeni inayotengeneza sehemu ya hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Kumbuka herufi husomwa tatu tatu. Mahali palipopaswa kuwa GAG pamekuwa GTG. A imekuwa T, basi. Kwa sababu hiyo kiungo kimoja cha protini, asidi ya glutamiki, nafasi yake huchukuliwa na kingine kiitwacho valini.

Hemoglobini ya namna hii ikishaachia oksijeni hushikamana na kujipanga kama vijiti, na chembe ya damu iliyokuwa mviringo laini hupinda kama mundu. Chembe hizo hukwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu ya mifupa yanayomfanya mtoto alie usiku kucha. Tena hufa mapema: chembe ya kawaida huishi siku kama 120, hizi 10 hadi 20, ndiyo maana macho huwa ya manjano na damu hupungua. Kwa mtoto mchanga huwa bado, kwa kuwa ana hemoglobini ya tumboni mwa mama inayomkinga. Kuanzia miezi sita hivi ndipo vidole vya mikono na miguu huweza kuvimba.

Basi kosa ni la nani, langu au la mume wangu?

Si la mmoja wenu. Jeni hii ikiwa na herufi iliyobadilika tunaiita S, na ile ya kawaida A. Mtoto mwenye siko seli, yaani SS, amepokea S moja kwako na S moja kwa baba yake. Anayemlaumu mama peke yake hajui anachosema, na naomba mama mkwe mmoja angalau asome sentensi hii mara mbili. Nanyi hamkuitengeneza S hiyo. Mlirithi kwa wazazi wenu. Ama kuhusu mutesheni mpya kabisa, kila mtoto huzaliwa na kama 60 au 70, na sehemu kubwa hutoka kwenye mbegu ya baba, nazo huongezeka kadiri baba anavyozeeka.

Mbona imeenea sana huku Pwani?

Kwa sababu ya malaria. Mwenye S moja, tunayemwita AS, kwa kawaida haumwi, na amekingwa sana na malaria kali. Daktari Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu nchini humu akakuta wenye S ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache mno nyanda za juu kusiko na mbu wa malaria. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake. Basi ile herufi unayoambiwa ni uchafu ndiyo iliyowavusha bibi na babu zako utotoni, wenzao wakizikwa. Mimi kila nikilieleza hili benchini, naona mabega ya kina mama yakilegea.

Nimezaa mmoja mgonjwa. Si watatu wanaofuata watakuwa wazima?

Hapana, na kosa hili limewaumiza wengi. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Kila mimba, peke yake. Rusha shilingi mbili: zote zaweza kuangukia upande wa S leo, na kesho tena. Shilingi haikumbuki ilivyoanguka jana. Nimeona nyumba yenye wagonjwa watatu wakifuatana, na nyumba yenye sita wasio na hata mmoja.

Binti yangu ameposwa na mtoto wa ami yake. Tukatae?

Sisemi hivyo. Watoto wa ndugu hushirikiana babu na bibi, kwa hiyo huwa rahisi zaidi wote wawili kubeba mutesheni ile ile iliyojificha, iwe ya siko seli, ya ualbino au nyingine. Lakini wageni kabisa, mmoja wa Kisauni na mwingine wa Changamwe, wanaweza wote kuwa AS. Kwa hivyo wapimwe, ndugu na wasio ndugu. Ni kipimo cha damu cha aina za hemoglobini, na jibu ni AA, AS au SS. Kifanyike kabla ya mahari, wakati bado wanaweza kuzungumza kwa utulivu.

Wangu ni SS, na usiku amepata homa. Nisubiri kupambazuke?

Usisubiri. Bandama lake limeharibika mapema, hivyo vijidudu humshinda haraka. Ndiyo sababu wenye umri chini ya miaka mitano hupewa penisilini kila siku. Mpeleke hospitali iliyo karibu usiku huo huo, na neno la kwanza mlangoni liwe, "Huyu ana siko seli." Chukua kadi yake, dawa zake za haidroksiurea kama anazo, na chupa ya maji anywe njiani.