Wafini wanaoniweka mjini

Juzi shemeji kaniuliza, hivi hao Wafini wamewahi kufanya nini zaidi ya kukaa kwenye baridi na kututengenezea zile Nokia za tochi? Nikacheka sana, maana mimi kazi yangu ni kusimamia seva, zile kompyuta zinazoendesha mifumo ya watu mtandaoni, mwaka wa kumi na moja sasa, na ugali wangu karibu wote unatokana na vitu walivyoanzisha Wafini, na Nokia hata haimo.

Ngoja niwape mfano wa juzi hiyohiyo. Saa nane usiku simu inaita, mfumo wa mteja umegoma. Sikutoka kitandani, nikavuta laptopu nikaandika ssh (programu ya kuingilia kompyuta ya mbali kwa usalama), jina langu, anwani ya seva, enta, tayari niko ndani ya mashine ambayo iko nchi nyingine kabisa, kuangalia kumbe diski imejaa logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mfumo, nikafuta za zamani, nikawasha huduma upya, nikarudi kulala.

Hiyo ssh kaianzisha Tatu Ylönen mwaka 1995, alikuwa mtafiti Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki. (Shemeji hapo kanikatisha, akadhani Tatu ni dada wa Tanga.) Kilichomsukuma ni wizi, kuna mtu alitega programu kwenye mtandao wa chuo ikawa inaokota paswedi za watu zinavyopita. Na zilikuwa rahisi kuokota kwa sababu enzi hizo ukitaka kuingia mashine ya mbali unatumia telnet, na telnet inapeleka paswedi peupe, yaani ni sawa na kutaja namba ya siri ya M-Pesa kwa sauti kwenye daladala iliyojaa. SSH yenyewe inafanya hivi, mashine mbili kwanza zinapatana ufunguo wa siri, halafu kila kinachofuata kinapita kimefichwa, hata ukikiokota unapata takataka tu.

Ninachokipenda zaidi ni habari ya poti, yaani namba ya mlango ambao kila huduma inaingilia kwenye mashine. FTP, ya kuhamisha mafaili, inatumia 21, telnet 23, na jamaa alitaka kitu chake kichukue nafasi ya zote mbili, akaona 22 katikati iko wazi, akawaandikia imeili wanaogawa namba hizo kuiomba. Kesho yake akapewa, bila kikao wala mhuri! Leo hiyo 22 ndiyo wadukuzi wanaanza nayo, weka seva mpya hewani halafu soma logi zake asubuhi, utakuta usiku kucha wamepiga hodi kwa jina la root, yule mkuu wa mashine mwenye ruhusa zote. Ila tuwe wakweli, tunayotumia wengi sasa hivi ni OpenSSH, watu wa OpenBSD, mfumo mmoja wa bure wa kuendesha kompyuta, walichukua toleo la zamani la bure wakaliendeleza kuanzia 1999.

Haya, na seva yenyewe inaendeshwa na Linux, mfumo endeshi kama ilivyo Windows, hapo ni Linus Torvalds, Mfini ambaye nyumbani kwao wanaongea Kiswidi. Mwaka 1991 ni mwanafunzi Helsinki, ana kompyuta ya 386 yenye ram ya MB 4, mwezi wa nane akawaandikia watumiaji wa Minix, mfumo mdogo wa kufundishia, kwamba anatengeneza mfumo kujifurahisha tu, hautakuwa mkubwa. Hautakuwa mkubwa! Tangu 2017 kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zote zinatumia Linux, na kama unasoma hapa kwa Android basi iko mkononi mwako. Hata jina si lake, yeye alitaka iitwe Freax, sema Ari Lemmke aliyekuwa anasimamia seva ya kuhifadhia hakulipenda, akafungua folda akaiita linux, basi ikawa hivyo. Mimi kama msimamizi wa seva, hiyo nguvu naielewa kabisa. Halafu mwaka 2005 huyuhuyu Linus kaandika Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi (maandishi ya programu), ndani ya siku chache tu Git ikawa inatunza kodi yake yenyewe.

Data za wateja ziko kwenye MariaDB, programu ya kuhifadhia data, ya Monty Widenius, ambaye ile ya kwanza, MySQL, aliipa jina la binti yake My, na kampuni ya Oracle walipokuwa wanaichukua akatoka na nakala akaipa jina la binti mdogo, Maria. IRC, mfumo wa zamani wa kuchati mtandaoni, nayo ni ya Jarkko Oikarinen, Oulu, 1988, magrupu ya kuchati tuliyonayo leo ni wajukuu zake.

Na ile meseji ya "Imethibitishwa" ukituma hela? Wazo la SMS wengi wanampa Matti Makkonen, aliyefariki 2015, ingawa mwenyewe hakupenda kuitwa baba wa SMS, alisema ni kazi ya watu wengi.

Nimemweleza shemeji yote hayo mpaka chai ikapoa. Jana namsikia anamsimulia mke wangu, alichoshika ni kwamba Ufini Tatu ni jina la kiume.