Hot dog: yanayosemwa mitaani na yaliyoandikwa nyuma ya pakiti

Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam akaingia supamaketi ya Marekani kwa mara ya kwanza hukuta kabati zima la soseji za hot dog: za ng'ombe, za nguruwe, za bata mzinga, za mchanganyiko, nene na nyembamba. Mbele ya kabati hilo nimesikia mengi, ya kutisha na ya kufariji, na mengi yake si kweli. Mimi nakipenda chakula hiki. Ndiyo maana nataka kitetewe pale kinaposingiziwa na kikosolewe pale kinapostahili. Anayetaka kununua hot dog nzuri aanze na jambo moja: aigeuze pakiti. Upande wa mbele ni tangazo, habari zenyewe zimechapwa nyuma kwa herufi ndogo.

"Ni nyama ya mbwa."

Hapana. Utani huu ni wa karne ya 19, wakati wahamiaji wa Kijerumani walipouza soseji mitaani na wateja wakawa wanawashuku kwa nyama waliyotia ndani. Tangu 2018 sheria ya taifa Marekani inakataza kuchinja mbwa na paka ili waliwe.

"Wanasaga midomo, kwato na uchafu wa machinjioni."

Dhana hii ina mizizi mirefu, na haikutoka hewani. Kabla ya sheria ya ukaguzi wa nyama ya 1906, viwanda vya nyama vya Chicago vilikuwa vichafu kupindukia. Leo kinachosagwa kwa kawaida ni vipande vinavyobaki baada ya kukata steki na minofu mikubwa, nyama ambayo kwetu mwenye bucha angeiuza kama nyama ya kusaga. Husagwa pamoja na barafu, chumvi, kitunguu saumu, paprika na viungo vingine mpaka iwe laini kama ugali mwepesi, ikajazwa kwenye ngozi, ikapigwa moshi, ikapikwa na kupozwa. Wizara ya Kilimo ya Marekani imeweka mipaka: mafuta yasizidi asilimia 30, na mafuta pamoja na maji ya kuongeza yasizidi asilimia 40. Kiwanda kikitia moyo, ulimi au ini, lazima kila kimoja kitajwe kwa jina kwenye lebo.

Cha kuangalia kwa makini ni maneno "mechanically separated". Hiyo ni nyama iliyotenganishwa na mifupa kwa mashine: mifupa yenye mabaki ya nyama husukumwa kwa nguvu kwenye chujio, na kinachotoka ni rojo. Ya ng'ombe ilipigwa marufuku mwaka 2004 kwa hofu ya kichaa cha ng'ombe. Ya nguruwe haitakiwi kuzidi asilimia 20. Ya kuku na bata mzinga haina kikomo, na ndiyo maana pakiti nyingi za bei ya chini kabisa huanza nayo. Si sumu, lakini soseji yake ni laini mno, haina cha kutafuna, na chumvi ndiyo inayobeba ladha yote. Viambato hupangwa kwa uzito, kwa hiyo kiambato cha kwanza ndicho kinachokueleza unanunua nini hasa. Mimi nataka nikute pale neno ng'ombe, au nyama nyingine ninayoijua, bila maelezo ya mashine.

"Kama ni ng'ombe tupu, basi ni halali."

Hapa Waislamu wengi hujikwaa, na kosa hilo si dogo. Maneno "all beef" yanakuambia mnyama aliyetumika, hayakuambii alichinjwaje wala na nani. Chukua Nathan's, labda jina maarufu kuliko yote. Nathan Handwerker, mhamiaji Myahudi kutoka Ulaya Mashariki, alifungua kibanda chake Coney Island, New York, mwaka 1916. Aliuza hot dog kwa senti 5, ilhali Feltman's, alikokuwa ameajiriwa, walikuwa wakiuza kwa senti 10. Zilikuwa za ng'ombe, zimekolea kitunguu saumu kama Wayahudi walivyozoea, na bado hazikuwa kosher, yaani zinazokubalika kwa sheria ya dini ya Kiyahudi. Ikiwa hata kwa Wayahudi wenyewe ng'ombe tupu haikutosha, kwa Mwislamu isidhaniwe inatosha.

Kampuni kama Hebrew National, iliyoanza 1905, inauza hot dog za kosher. Hizo hazina nguruwe kabisa, na mnyama amechinjwa kwa kisu chini ya usimamizi wa dini. Kama hilo linamtosha Mwislamu, wanazuoni wana rai tofauti; muulize unayemwamini. Anayetaka halali isiyo na maswali atafute muhuri wa shirika linalothibitisha, si neno "halal" lililochapwa tu kwa rangi ya kijani.

Kuna mengine mawili ambayo lebo ya mbele haiyagusi. Kwanza ni ngozi. Ngozi ya asili ni utumbo, na hot dog nyingi hutumia wa kondoo, lakini upo pia wa nguruwe. Pili ni jiko. Kwenye vituo vya mafuta na viwanja vya michezo, vyuma vinavyozunguka hupika za ng'ombe na za nguruwe pamoja, mafuta yakichuruzika kutoka moja hadi nyingine. Kumuuliza muuzaji si utovu wa adabu. Anaulizwa kila siku.

"Ngozi ni plastiki, heri isiyo na ngozi."

Soseji isiyo na ngozi nayo ilitengenezwa ndani ya ngozi, ila ya selulosi (nyuzi za mimea), ambayo huvuliwa kiwandani soseji ikishaiva. Ile yenye ngozi ya asili huliwa na ngozi yake, na ndiyo inayotoa ule mlio wa kukatika unapoiuma. Kwangu mlio huo ni nusu ya raha. Tafuta maneno "natural casing", halafu usiiharibu jikoni. Maji yakitokota kwa fujo, ngozi hupasuka na utamu wote hubaki kwenye sufuria. Pasha kwa maji yanayokaribia tu kuchemka, kisha uikaushe kidogo kwenye kikaango. Wala usiitoboe kwa uma.

"Kutia tomato sosi ni kosa."

Hili ni jambo la Chicago, na wenyeji hulisimamia kwa dhati. Hata Baraza la Taifa la Hot Dog na Soseji limeandika kwamba aliyepita miaka 18 asitie. Sheria ya kweli haipo, tia upendavyo. Lakini wenyeji wana hoja, na unaielewa ukiila hot dog ya kwao kama wanavyoitengeneza: soseji ya ng'ombe, mkate wenye mbegu za mpopi juu, haradali ya manjano, achari tamu ya matango yenye kijani kikali, vitunguu vilivyokatwakatwa, vipande vya nyanya mbichi, tango la siki, pilipili ndogo za siki na chumvi ya seleri. Nyanya tayari imo, utamu umo, uchachu umo. Sosi ingefunika kila kitu. Aliyezoea smokie pasua ya Nairobi yenye kachumbari ataitambua hoja hii kwa ulimi wake kabla hajaelezwa. Vienna Beef, ambayo soseji zake ndizo zinazotumika sana huko, ilianzishwa na wahamiaji wawili kutoka Austria-Hungaria walioanza kuuza kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893.

"Iliyoandikwa 'uncured' haina nitriti."

"Uncured" humaanisha haikutiwa nitriti, chumvi ya kuhifadhi nyama, lakini mara nyingi inayo. Badala ya nitriti ya maabara hutiwa unga wa seleri, ambao hutoa nitriti ileile, na mwili haujui tofauti ya chimbuko lake. Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, lilitangaza mwaka 2015 kuwa nyama ya kusindika husababisha saratani ya utumbo mpana: gramu 50 kila siku huongeza hatari kwa asilimia 18. Hot dog moja ya kawaida ni kama gramu 45. Asilimia hizo 18 ni nyongeza juu ya hatari uliyokuwa nayo tayari. Hazina maana kwamba walaji 18 katika 100 wataugua. Hata hivyo ujumbe uko wazi: hiki ni chakula cha siku moja moja. Kukipakia kwenye mkoba wa mtoto wa shule Jumatatu hadi Ijumaa sikubaliani nako hata kidogo.

Na kwa mtoto aliye chini ya miaka minne, usikate vipande vya mviringo. Huziba koo sawasawa. Pasua soseji kwa urefu kwanza, kisha uikate vipande vidogo.

"Imeshapikwa, unaweza kuila ikiwa baridi."

Bakteria aina ya listeria hukua hata ndani ya friji. Mtu mzima mwenye afya huenda asipate madhara. Mjamzito anaweza kumpoteza mtoto. Wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu waipashe hadi ifike nyuzi joto 74 na itoe mvuke.

"Ghali ndiyo bora."

Costco, maduka makubwa ya jumla ya Marekani, wanauza hot dog ya ng'ombe tupu pamoja na soda kwa dola 1.50, bei isiyobadilika tangu katikati ya miaka ya 1980, na ni nzuri kuliko nyingi za bei ya juu. Nikitaka iliyo bora zaidi naenda bucha inayojitengenezea soseji. Kwa za halali, miji kama Dearborn, Michigan, ina bucha za Waarabu ambako unaweza kuuliza ana kwa ana ni nyama gani na ngozi ya mnyama gani. Ukinunua pakiti ya kiwandani, angalia pia sodiamu, kwa kuwa kuna zinazopita miligramu 500 kwa soseji moja. Ambayo haijafunguliwa hukaa friji wiki mbili, iliyofunguliwa wiki moja, na kwenye friza mwezi mmoja hadi miwili kabla ladha haijaanza kupungua.