Kwa nini filamu za anga za mbali hupigiwa muziki wa karne ya 19?

Ukikaa kwenye kibanda umiza cha Kirumba au Mabatini, Mwanza, filamu ya vyombo vya angani ikiwa hewani, sikiliza kinachobaki nyuma ya sauti ya DJ anayetafsiri. Ni fidla, tarumbeta na ngoma kubwa. Roboti zinazungumza na mionzi inapasua meli, lakini vyombo vya muziki ni vilevile vya majumba ya Vienna ya miaka ya 1800.

Sababu ya kwanza ni watu. Erich Wolfgang Korngold, aliyezaliwa 1897, alijulikana Vienna kama mtunzi wa opera (michezo ya kuigiza inayoimbwa) kabla ya filamu kumchukua. Mwaka 1938 alikuwa Hollywood kwa kazi ya filamu wakati Ujerumani ilipoimeza Austria. Kwa Myahudi, njia ya kurudi ilikuwa imefungwa. Mtunzi mwenzake Max Steiner, mzaliwa wa Vienna, alikuwa amemtangulia Marekani. Hawa ndio walioweka desturi ya okestra kubwa, yaani kundi la wapiga ala nyingi pamoja, na ya kumpa kila mhusika kipande chake cha wimbo kinachorudi kila anapotokea. Desturi yenyewe walirithi kwa mtunzi Mjerumani Richard Wagner, ambaye opera zake nne zinazofuatana, jumla yake kama saa 15, zilichezwa zote pamoja kwa mara ya kwanza mjini Bayreuth mwaka 1876. Katika ukumbi ule okestra ilifichwa chini ya jukwaa. Watu walisikia muziki bila kuona wapigaji, miaka mingi kabla sinema haijawa na sauti.

Sababu ya pili ni ya kiufundi. Filamu huanza kuhaririwa kabla muziki wake haujatungwa, kwa hiyo mhariri hupachika rekodi zilizopo, kama fundi cherehani anavyoshikiza nguo kwa uzi wa muda. Tatizo ni kwamba mwongozaji huishi na muziki huo wa kushikizia kwa miezi. Ule mpya unapoletwa, sikio lake linaukataa. Ndivyo ilivyokuwa kwa 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968. Mtunzi Alex North aliandika muziki, na mwongozaji Stanley Kubrick akauacha akabaki na rekodi za kushikizia: Richard Strauss, Johann Strauss (hawana undugu), György Ligeti na Aram Khachaturian.

Ule mwanzo maarufu wa kipande cha Richard Strauss kilichomo kwenye filamu hiyo, Also sprach Zarathustra cha mwaka 1896, mwanakwaya yeyote anayesoma solfa anaweza kuufuata. Kwanza kuna do nzito ya chini kabisa, inayoshikiliwa na kinanda kikubwa cha mabomba pamoja na besi za nyuzi. Kisha tarumbeta: do, so, do ya juu. Hakuna mi, na mi ndiyo inayoamua kama wimbo ni meja (wenye mwanga) au maina (wenye huzuni), kwa hiyo msikilizaji ananing'inia hadi okestra nzima ijibu. Inajibu kwa meja, na papo hapo mi inashuka nusu hatua kuwa maina. Mara ya pili inageuzwa: maina kwanza, kisha meja. Usiusikilize kwa spika ya simu. Ile do ya chini hutetemeka takriban mara 33 kwa sekunde, na spika ndogo hushindwa hata kwenye mitetemo 200. Utasikia tarumbeta bila ardhi ya kusimamia. Tumia spika yenye besi au vipokea sauti vinavyoziba sikio vizuri.

Star Wars ya 1977 ilipita njia hiyohiyo, ila mwongozaji George Lucas alimwachia mtunzi John Williams atunge. Kati ya muziki wa kushikizia wa Lucas ulikuwemo wa mtunzi Mwingereza Gustav Holst kuhusu sayari. Kipande chake cha Mars, cha mwaka 1914, kina mapigo matano: la kwanza limegawanywa mara tatu, la pili na la tatu mazima, la nne limegawanywa mara mbili, la tano zima. Yagonge mezani. Aliyezoea mapigo manne hulikata la tano au huongeza la sita ili apumzike, na hapo tishio lote linakufa.

Katika filamu ya pili ya Star Wars, ya 1980, Williams alimpa Darth Vader, adui mkuu, wimbo unaoanza la la la, fa-do la, fa-do la. Wimbo unapoangukia fa, sikio linatarajia kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya meja chini yake. Yeye ameweka maina, na ubaya wote wa mtu yule umo kwenye kodi hiyo moja.

Ligeti ni habari nyingine, na kwangu ndiye aliyefika mbali kuliko wote. Lux Aeterna yake ya 1966 ni ya waimbaji 16 bila ala, kila mmoja na njia yake. Wanawake wanane huanza kwenye noti moja, kisha hutawanyika kila mtu kwa wakati wake, hadi hakuna pigo wala wimbo unaoweza kuushika.

Kwaya ya parokia inaweza kulionja jambo hili. Chukua watu 16, wanne kwa kila sauti. Wote washike noti moja kwa sauti ndogo, wale wa sauti ya nne oktavu moja chini, kisha kila mmoja ahamie noti ya jirani anapotaka, nusu hatua tu. Wapumue kwa zamu, kwa sababu wakipumua pamoja panatokea shimo. Kila aingiaye aanze taratibu mno, asisikike akiingia. Mwalimu asipige mapigo kwa mkono, la sivyo watayafuata na kurudi kuimba pamoja. Kinanda cha umeme kikae kimya, maana kila kibonyezo kinaipa noti mwanzo mkali, na mwanzo mmoja tu ukisikika, sikio linaanza tena kuhesabu.