Tochi ikipenya, si lazima iwe busha

"Nimemulika, mwanga umepita, ni busha, nimevuta maji mililita 20." Karatasi ya rufaa ya namna hii ikifika Kigoma mjini, iwe imetoka Kasulu au Uvinza, mtoto ameshaongezewa tatizo.

Mwanga ukipita kuna maji, kweli. Nani kasema kuna maji peke yake? Uvimbe wa korodani, hata wa saratani, unaweza kujizungushia maji. Tochi ikaonyesha maji, kinyama kikabaki kimejificha humo ndani. Kwa hiyo papasa. Ukiishika korodani yote, laini, sawa na mwenzake, tulia. Usipoipata, kipimo chako hakijaisha: ultrasaundi. Busha la mtoto mara nyingi hupanda na kushuka, asubuhi dogo, jioni baada ya kucheza limejaa. Mama akikwambia "linakua tu, wala halimuumi", mwamini yeye kuliko tochi.

Na hiyo sindano! Korodani ilianzia tumboni karibu na figo, ikashuka mtoto akiwa bado mimbani, na limfu yake, yaani majimaji ya mwili yanayopita kwenye matezi, mpaka leo hurudi kulekule juu. Limfu ya ngozi ya mfuko wa korodani huenda kwenye matezi ya kinena. Ukitoboa mfuko umezifungulia seli za saratani barabara ya pili, na mtoto ambaye pengine angepona kwa upasuaji tu anaweza kuhitaji dawa za saratani. Chale ya kuitoa korodani nayo ni ya kinenani, si ya mfuko: tafuta kamba ya korodani, ibane juu kwenye tundu la ndani la kinena, ndipo uivute korodani nje.

AFP, protini ya damu ambayo baadhi ya uvimbe wa korodani huipandisha, ichukuliwe kabla ya upasuaji. Baada ya hapo hupungua nusu kila siku 5 hadi 7 hivi. Ikikwama juu, kuna masalia mahali. Ila kwa mtoto wa miezi minne kipimo hiki kinanitia mashaka, maana watoto wote huzaliwa na AFP ya juu sana na hukawia miezi mingi kushuka. Namba moja haitoshi. Nafuata mwelekeo, na bado kuna siku sina uhakika.

Teratoma, uvimbe wenye mchanganyiko wa aina nyingi za nyama za mwili, ya mtoto ambaye hajabalehe haina ukali ule wa mtu mzima. AFP ikiwa sawa, unaweza kutoa kinyama na kuacha korodani, mradi mtaalamu wa patholojia asome kipande mtoto akiwa bado mezani. Asipokuwepo, huko ni kubahatisha kwa heshima.

Jamani, sampuli! Chombo cha mdomo mpana, formalini (dawa ya kuhifadhia nyama) ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa nyama. Si chupa ya maji ya kunywa. Korodani ikisukumizwa mle hupondeka, formalini haifiki katikati, na maabara inapokea kitu kilichooza ndani.